UZI: Cubs wamerudi kutoka Qatar, je tutawafuata mpaka wafike 20 au tutawapoteza njiani?

Kocha_Sofia (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu humu. Niko Busia huku mpakani, upande wetu wa Uganda, mtaa wa Sofia. Nafundisha timu ya watoto jioni kwenye uwanja wa shule ya msingi, mwaka wa tisa sasa. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Cubs, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, watoke Kombe la Dunia la Qatar 2025, nimeona nilimwage lote hapa, maana kwenye grupu letu la WhatsApp linamezwa na meseji za michango na misiba kabla watu hawajasoma.

Nianze na furaha maana ipo. Mimi sijawahi kuona Uganda kwenye Kombe la Dunia, baba yangu hajawahi, na hakuna mtu humu aliyewahi kwa sababu haikuwahi kutokea, si wakubwa si wadogo. Hawa wa miaka 17 ndio wa kwanza. Mwisho wa mwezi wa tatu 2025, AFCON ya U17 kule Morocco, wenyeji waliwapiga 5-0 mechi ya kwanza tu, watu wakazima TV, wakasema hawa warudi wakasome. Vijana wakainuka wakamfunga Tanzania, wakaangukia kwenye mchujo wa kutafuta nafasi za Kombe la Dunia, wakamfunga Gambia 1-0, safari ya Qatar ikapatikana. Hongera kwa kocha Brian Ssenyondo, kuiamsha timu ya watoto baada ya tano bila si kazi ndogo.

Siku ya Ufaransa nilikuwa kwa fundi simu pale stendi ya boda, simu imeegemezwa kwenye chupa ya soda, tuko watu kama kumi na tano tunachungulia kioo chenye ufa, bando nimeweka mimi na kila baada ya muda picha inaganda. Ikaganda, ilipofunguka tukakuta vijana wanakumbatiana, hatukuona mpira ukiingia. James Bogere. Uganda 1 Ufaransa 0. Mama anayeuza samaki jirani alikuja kuuliza nani amekufa kwa vile tulivyopiga kelele, tulipomwambia akaacha ndoo yake akaingia katikati yetu mpaka filimbi ya mwisho.

Halafu wakamtoa Senegal 1-0, Senegal ambayo mwezi wa nane tu ilikuwa imetutoa CHAN (ile ya wachezaji wa ligi za ndani) nyumbani kwetu Namboole kwa hiyo hiyo 1-0. Mwisho penati na Burkina Faso, tukatoka kwenye 16 bora. Iliuma lakini nilisimama nikawapigia makofi.

Sasa jambo lenyewe. Mimi nakumbuka 2021. Hippos, wale wa chini ya 20, walienda Mauritania kwa mara ya kwanza kwenye AFCON ya vijana, chini ya kocha Morley Byekwaso, wakawatoa hao hao Burkina Faso kwa penati robo fainali, wakamkanda Tunisia 4-1 nusu fainali, Derrick Kakooza akapiga hat triki na akamaliza mfungaji bora kwa magoli 5. Fainali na Ghana tukapoteza 2-0. Wazee wetu watakumbuka kwamba 1978 Cranes, timu ya taifa ya wakubwa, walifika fainali ya Afrika kule Accra, tukapoteza kwa Ghana 2-0. Kati ya fainali hizo mbili ilipita miaka 43, mwezi ule ule wa tatu, mpinzani yule yule, matokeo yale yale.

Kufika fainali kulikuwa kunatosha kabisa kuwapeleka Kombe la Dunia la U20, lakini FIFA ilikuwa imeshalifuta tangu Desemba 2020 kwa sababu ya korona. Kwa hiyo vijana walishika nafasi ya pili Afrika nzima na hakuna mahali pa kwenda. Na siku chache baada ya fainali ile CAF ikafuta pia AFCON ya U17 ya Morocco, wakati Cubs wa mwaka ule walikuwa wameshafuzu, walishinda mashindano ya CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, kule Rubavu Desemba 2020 kwa kumfunga Tanzania 3-1 fainali. Vizazi viwili vya watoto wetu vikafungiwa mlango.

Kakooza alipata Latvia, Steven Sserwadda akaenda New York Red Bulls, Bobosi Byaruhanga naye akatoka, nashukuru Mungu. Lakini kikosi kina watoto zaidi ya ishirini wakuu. Wengine wako wapi? Ndiyo swali langu. Vijana wa Qatar wana miaka 17, sheria ya FIFA haimruhusu mchezaji kuhamia nchi nyingine kabla ya 18 isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa hiyo hata ajenti akimpenda leo lazima asubiri. Huo mwaka mmoja au miwili ya kusubiri analala wapi, anakula nini, anafanya mazoezi na nani? Hapo ndipo tunapowapoteza, hatuwapotezi kwenye penati.

Nile_Jinja

Kocha umegusa kidonda. Mimi nafanya kazi karibu na kituo cha FUFA, chama cha mpira cha Uganda, pale Njeru, timu za vijana zikiingia kambini tunawaona. Kambi ni wiki kadhaa tu, wanakula vizuri, wanalala mapema, miili inajaa. Mashindano yakiisha kila mtoto anarudi kwao. Ukimkuta baada ya miezi mitatu kama klabu yake haina uwezo unamuona kabisa amepungua mashavu.

Mzee_wa_Bombo

Mimi 1978 nilikuwa kijana, tuliisikiliza fainali ile kwa redio uani kwa marehemu mjomba, watu wamejaa mpaka ukutani. Ahsante kwa kuikumbuka. Nachosema ni kwamba zamani mchezaji alikuwa na kazi, klabu ilikuwa ya polisi, ya jeshi, ya benki, ya kahawa, akitoka uwanjani ana mshahara. Leo mtoto anaambiwa wewe ni nyota halafu nyumbani hakuna sukari.

Simba_wa_Tanga

Jirani hongereni, nasema kwa moyo mweupe ingawa mmetufunga sana hao watoto wenu. 2019 tuliandaa U17 pale Dar mkaja mkatupiga 3-0 mbele ya watu wetu, na nyie wenyewe mkaishia makundi. Lakini Kocha naomba niulize, umri ni wa kweli? Maana kila mashindano ya Afrika maneno haya hayaishi.

Kocha_Sofia

@Simba_wa_Tanga asante ndugu yangu, swali lako si baya nalijibu kwa jinsi ninavyojua. Kwenye U17 wachezaji wanapigwa picha ya MRI ya kifundo cha mkono. Mfupa wa mkono wa mtoto anayekua una sehemu laini karibu na kifundo, ule mstari ambapo mfupa unarefukia, na kadiri anavyokomaa ule mstari unafunga. Ukikuta umefunga kabisa basi uwezekano wa huyo kuwa chini ya 17 ni mdogo sana, anaondolewa. FIFA wanaitumia tangu Kombe la Dunia la U17 la 2009. Haisomi tarehe ya kuzaliwa, haiwezi kukuambia huyu kazaliwa mwezi gani, ila inamzuia mtu mzima kuingia kwenye kundi la watoto.

Kwa hiyo mfupa hautusumbui sana. Kinachotusumbua sisi huku ni karatasi, na hapa niseme habari ya kijana wangu.

Nina winga mmoja, jina lake silitaji, nimemlea tangu ana miaka 9. Mguu wa kushoto, akipokea mpira beki anaanza kurudi nyuma kabla hajaguswa. Alionekana kwenye mashindano ya shule, akaitwa kwenye majaribio makubwa. Tulichanga nauli hapa mtaani, fundi baiskeli akatoa, mama wa samaki akatoa. Siku mbili kabla ya kusafiri tunaambiwa tulete cheti cha kuzaliwa. Mama yake akatoa kaveera (mfuko wa plastiki) la karatasi kutoka chini ya godoro. Kadi ya chanjo ina mwaka mmoja, kadi ya ubatizo ina mwaka mwingine, shule walimwandikisha PLE, mtihani wa kumaliza msingi, kwa mwaka mwingine tena wa tatu. Na kadi ya chanjo ni ya ng'ambo, upande wa Kenya, kwa sababu usiku ule uchungu ulipomshika mama hospitali ya karibu ilikuwa ya huko. Mageti na vizuizi vya mpaka havizuii mtoto kuzaliwa.

Nilienda nae ofisi moja, nikaambiwa huyu si wa kwetu, nikarudishwa. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu na begi lake, viatu vya mpira amevifunga kamba shingoni, anasikia kila kitu. Tukarudi tumekaa nyuma ya boda moja hakusema neno. Wiki mbili hakuja mazoezi.

Mama yake Msamia wa hapa hapa, baba Msamia wa hapa hapa. Wasamia wako kwenye orodha ya makabila ya Uganda ndani ya katiba yetu, na katiba inasema mtoto mwenye mzazi mmoja aliye raia wa kuzaliwa ni raia, awe amezaliwa ndani au nje ya Uganda. Mimi hilo nililijua baadaye, siku ile pale dirishani sikuwa nalijua, na ndiyo maana naliandika hapa ili kocha mwingine alijue mapema.

Malaba_Dada

Jamani huyo mtoto. Sisi Malaba ni hivyo hivyo, nusu ya darasa la mwanangu wamezaliwa upande ule. Kocha hiyo picha ya viatu shingoni imeniliza kweli.

Kampala_Central

Banange pole sana. Lakini Kocha niseme ukweli, nyie wa mikoani mnaumizwa na kitu kingine pia, shule. Mpira wa vijana Uganda umelelewa na shule za sekondari kuliko kitu chochote. Kitende, Kibuli, Buddo, Jinja SS, mtoto anapewa basari kwa sababu ya mguu wake, analala bwenini, anakula, anacheza mashindano ya kitaifa ya shule ambapo makocha wote wanakaa pembeni wanaangalia. Asiyeingia kwenye shule hizo ni vigumu sana kuonekana. Mazuri yake mtoto anasoma. Mabaya yake akimaliza S.4 (kidato cha nne) au akiumia goti basari inaisha siku hiyo hiyo.

Nile_Jinja

@Kampala_Central kweli tupu, ila usisahau kuna FUFA Juniors League siku hizi, klabu za ligi kuu lazima ziwe na timu za vijana, na Masaza Cup kule Buganda inatoa wachezaji wengi. Njia ziko zaidi ya zamani. Shida ni huku mashariki na kaskazini, kutoka Busia mpaka mahali skauti anakaa ni nauli.

Mzee_wa_Bombo

Na 2023 msisahau. Hippos chini ya Jackson Mayanja walikwenda AFCON ya U20 kule Misri, wakafika robo fainali, wakafungwa na Nigeria 1-0. Waliofika nusu fainali ndio walioenda Kombe la Dunia la U20 kule Argentina. Bao moja tu. Halafu 2025 hatukufuzu kabisa, CECAFA waliwakilishwa na Tanzania na Kenya. Kwa hiyo unaona mwanangu Kocha anachosema, U17 inapanda, U20 inashuka, katikati pana shimo.

Simba_wa_Tanga

Mzee shikamoo. Hilo shimo hata sisi tunalo, Serengeti Boys, U17 yetu ya Tanzania, wakifanya vizuri tunashangilia, ukiuliza baada ya miaka mitatu wanne tu ndio wanacheza.

Kisumu_Ndogo

Na sisi Kenya tusicheke, ni ndugu moja. 2027 AFCON inakuja kwetu sote, Kenya Uganda Tanzania, hao watoto wa Qatar watakuwa na miaka 19. Kocha unapendekeza nini hasa maana umelalamika vizuri sasa tupe dawa.

Kocha_Sofia

@Kisumu_Ndogo sawa, nasema kwa utaratibu wangu.

Cha kwanza timu hii isivunjwe. Wasisubiri mashindano ya CECAFA yakaribie ndiyo waite vijana wiki tatu. Hawa hawa waitwe kila likizo ya shule pale Njeru, hata siku kumi, wapimwe, wacheze mechi, aliyepungua uzito iulizwe kwa nini. Kwenye U20 ya kufuzu ijayo waingie wakiwa wanajuana tayari, kama walivyojuana Qatar.

Cha pili ni hela, na hapa makocha wadogo wenzangu naomba msome polepole kwa sababu mimi nililala kwenye hili miaka saba. Mchezaji akiuzwa kutoka klabu moja kwenda nyingine ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, 5% ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka mwaka aliotimiza 23. Wanaita mchango wa mshikamano. Miaka ya 12 mpaka 15 kila mwaka una 0.25% ya bei, kuanzia 16 kila mwaka 0.5%. Sasa piga hesabu. Kijana wako umemlea tangu 12 mpaka 15, miaka minne, hiyo ni 1%. Akiuzwa dola 1,000,000 wewe kocha wa uwanja wa vumbi una dola 10,000 zako halali. Kwangu mimi hizo ni mipira, viatu, nyavu na mlinzi wa uwanja kwa miaka. Na kuna fidia nyingine ya malezi anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa.

Lakini huipati kama timu yako haijasajiliwa na kijana hajaandikwa kwako. Timu nyingi za huku hazina usajili wowote, sisi wenyewe tulikuwa na daftari tu, daftari la mistari ambalo mvua ya 2020 ilililowesha kurasa zote za mwanzo. Kijana akitoka hapa, rekodi yake inaanzia shule iliyomchukua au klabu ya Kampala, kama vile alidondoka kutoka mbinguni ana miaka 16. Hela ikirudi hairudi kwetu, na kwa kuwa hairudi kwetu hatuna cha kumlisha mdogo wake. Mwaka jana tumeanza kusajili kupitia chama cha mpira cha wilaya, tunaendelea, ni taratibu lakini inawezekana.

Cha tatu ni karatasi. Kila mtoto akifika 10 mzazi aanze cheti cha kuzaliwa, wasisubiri aitwe. Barua ya LC1 (mwenyekiti wa mtaa), kadi ya chanjo, vitambulisho vya wazazi, jina liandikwe vile vile kila mahali, hata herufi moja isipishane. Ukikuta miaka inapishana rekebisha akiwa mdogo, kwa sababu akiwa na 16 ukibadilisha tarehe kila mtu anaona unapunguza umri hata kama unasema kweli.

Kampala_Central

Hiyo ya 0.25% sikuwa naijua kabisa, nimeipiga picha ya skrini natuma kwa kocha wa mdogo wangu sasa hivi.

Nile_Jinja

Hata mimi. Swali Kocha, kama mtoto alicheza shule tu, shule inalipwa?

Kocha_Sofia

@Nile_Jinja ninavyoelewa analipwa aliyesajiliwa kama klabu chini ya chama cha nchi. Ndiyo maana shule nyingine zina klabu yake. Wengine wajiulize mapema.

Malaba_Dada

Kocha, winga wako yuko wapi leo?

Kocha_Sofia

Yuko. Alirudi mazoezini wiki ya tatu, alikuja akakaa kwenye jiwe pembeni, sikumuita nikamrushia mpira tu akaupokea na kushoto. Siku ya Ufaransa alikuwa na sisi pale kwa fundi simu, alikuwa amekaa karibu kabisa na kioo. Bao lilipoingia wote walipiga kelele yeye alinyamaza, akasema kocha yule wa kulia nilicheza nae kwenye mashindano ya shule. Sikuwa na la kumjibu. Anatimiza 18 mwaka kesho, U17 imempita hiyo imekwisha, lakini U20 anaiwahi kama karatasi zitakaa sawa.

Malaba_Dada

Sikiliza kaka yangu. Mimi nafanya kazi ya kusaidia watu kujaza fomu za NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, hapa Malaba, nimeshughulikia kesi kama hii nne za watoto waliozaliwa ng'ambo. Mlete na mama yake. Mbebe kaveera lote msipunguze kitu, kadi ya ng'ambo pia mje nayo msiifiche, na kitambulisho cha mama, na kama bibi yupo hai na ana chake aje nae. Halafu barua ya LC1 iandikwe jina lote la mtoto vile lilivyo kwenye kadi ya chanjo, si la ubatizo.

Kocha_Sofia

Dada yangu Mungu akuweke. Bibi yupo, ana kitambulisho. LC1 nitamuona leo jioni kabla ya mazoezi. Tuje lini?

Malaba_Dada

Jumanne, saa mbili asubuhi kabla foleni haijawa ndefu. Namba yangu nakutumia inboksi.

Kocha_Sofia

Tutakuwa hapo saa moja na nusu.